Sembène Ousmane alianza na riwaya au na kamera? Nina mswada mkononi, naomba ushauri

BintiBondeni aliuliza:

Asalaam aleikum, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mpiga video za harusi hapa Mombasa. Napiga upande wa kina mama peke yake: kesha, kupamba, bi harusi anapotolewa. Huko mwanamume haingii, kwa hivyo hata msimu ukiwa mkavu sikosi pa kwenda. Kazi hii imenifundisha kushika kamera penye giza, kukata na kuunga picha usiku kucha, na kutotia neno mashangazi wa pande mbili wakianza kutupiana maneno kuhusu biriani.

Usiku nisipohariri naandika. Nina mswada wa riwaya kwa Kiswahili, kurasa mia tatu na ushei, habari za nyumba moja ya Mji wa Kale tangu babu aliyekuwa baharia hadi mjukuu wa kike anayekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Nataka iwe kitabu na nataka iwe filamu. Mkufunzi mmoja kwenye warsha aliniambia niiandike upya kwa Kiingereza, ati wenye pesa za filamu hawasomi Kiswahili. Mwingine akaniambia riwaya za Kiswahili haziuziki nje ya shule, niitupe nishike kamera tu.

Nikatajiwa Sembène Ousmane wa Senegal, kwamba alifanya yote mawili. Nimetafuta, nakutana na "baba wa sinema ya Afrika" kila mahali, na sifa hiyo hainipikii ugali. Ninachotaka kujua ni haya: aliishi vipi? Nani alikuwa akimpa pesa? Alianza na kipi, na suala la lugha alilikata vipi? Aliyemsoma au kumtazama vizuri anisaidie.

MpigaSauti_Nyali alijibu:

Anza na *Borom Sarret*, 1963. Ni fupi, kama dakika ishirini. Mwenye mkokoteni wa farasi anahangaika siku nzima Dakar: abiria wengine hawalipi, mwingine anapeleka maiti ya mtoto makaburini, na jioni polisi wanamnyang'anya mkokoteni kwa kuingia mtaa wa wakubwa. Ukishawahi kusimama Marikiti ukawatazama hamali na mikokoteni yao hutahitaji kuelezwa kitu.

Mimi ni mtu wa sauti, kwa hivyo nitasema la sauti. Filamu zake za mwanzo hazikurekodiwa sauti pamoja na picha. Alipiga picha kwanza, maneno yakatiwa baadaye. Kwenye *La Noire de...* ya 1966 msichana unayemwona, Mbissine Thérèse Diop, alikuwa fundi wa kushona nguo Dakar. Sauti unayoisikia ikisema mawazo yake ni ya mtu mwingine kabisa, Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Watu wanasifu ule upweke wa filamu ile kana kwamba yote ilikuwa falsafa. Nusu yake ni kukosa mashine. Lakini aliutumia ule upungufu mpaka ukawa mtindo, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

KaraniWaTali alijibu:

Waaleikum salaam, binti yangu.

Mimi nilikuwa karani wa tali Kilindini, enzi za magunia na tishari, kabla ya kontena. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na winchi na daftari, nikihesabu kinachotoka ngamani, huku serahangi akilipigia kelele genge lake. Sembène nilimjua kwa vile vitabu vya jalada la chungwa vya wachapishaji Heinemann. *God's Bits of Wood* kilizunguka gatini mkono kwa mkono hadi jalada likabanduka. Karani mwenzangu alikuwa akiwasomea makuli kwa kuwafasiria, mvua ikinyesha na kazi imesimama. Nilikisoma kabla ya kujua kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa mtu wa bandari.

Wanaosimulia maisha yake huruka kutoka kuli hadi mtu mashuhuri, na hapo katikati hapazungumzwi. Na wewe umeuliza habari za hapo katikati.

Alizaliwa 1923 Ziguinchor, jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal. Baba mvuvi. Akajaribu kuvua na babake, bahari ikamkataa, kila akitoka anatapika. Shule nayo iliisha mapema kwa ugomvi na mwalimu mkuu. 1938 akaenda Dakar akawa mwashi, fundi bomba, makanika, chochote kilichopatikana. 1944 Wafaransa wakamtia jeshini, akawa dereva huko Niger. Vita vilipokwisha akazamia meli, akaibukia Marseille, akapata kibarua cha kupakua mizigo.

Sasa hapa tulia kidogo. Marseille hakuwa kuli wa kubeba na kulala tu. Alijiunga na CGT, chama kikubwa cha wafanyakazi, na chama cha kikomunisti pia. Chama kilikuwa na maktaba na madarasa. 1951 akiwa kazini mzigo ukamvunja uti wa mgongo. Alipoinuka kitandani hakuweza tena mizigo mizito, akapewa kazi nyepesi, na ule muda akaumalizia vitabuni. Akagundua kwamba Mwafrika aliyemo kwenye vile vitabu ameandikwa na mtu aliyesimama sitahani akimtazama kutoka juu. Ndipo akaanza kuandika. Hakutumwa na mtu, na shahada hakuwa nayo. Kitabu cha kwanza, *Le Docker noir*, kilitoka 1956, mwandishi ana miaka thelathini na kitu na mgongo mbovu.

Kisa cha kitabu hicho kinakuhusu. Kuli mweusi ameandika riwaya, mwanamke wa Kifaransa aliye mwandishi anauchukua mswada wake na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe, na mambo yanaishia kwenye damu na mahakama. Kama kazi ya sanaa sikipendi sana, kina hotuba nyingi. Lakini usimpe mtu mswada wako mzima kwenye warsha, sikia mimi.

1957 akatoa *Ô pays, mon beau peuple!*, na 1960 ile kubwa, *Les Bouts de bois de Dieu*, ndiyo hiyo tuliyoisoma sisi kwa Kiingereza. Inahusu mgomo wa reli ya Dakar hadi Niger, ulioanza Oktoba 1947 ukaenda hadi Machi 1948. Marehemu babangu alikuwa kwenye mgomo wetu wa Januari mwaka huo huo wa 1947, bandari, reli na mahoteli ya Mombasa yaliposimama pamoja, na Chege Kibachia aliyeuongoza baadaye akakamatwa na kupelekwa Kabarnet. Kwa hivyo makuli waliposomewa kitabu kile hawakuuliza Senegal iko wapi. Waliuliza kama wale wanawake wa mji wa Thiès walifika Dakar kwa miguu kweli. Mgomo wetu sijaukuta bado ndani ya riwaya. Nalisema hilo kwa uchungu kidogo.

Sasa kamera. Senegal ikapata uhuru 1960, naye akarudi, akazunguka Afrika Magharibi hadi Kongo. Akaona kwamba wale aliowaandika, wauza samaki na wafanyakazi wa reli, hawawezi kumsoma: Kifaransa hawakijui, na wengi hawakufundishwa kusoma lugha yoyote. Mtu wa karibu miaka arubaini, mwenye vitabu na jina, akakubali kuwa mwanafunzi tena. Akaenda Moscow, studio ya Gorky, akafundishwa na Mark Donskoy, akarejea Dakar. Sinema aliiita shule ya jioni. Na kumbuka tangu 1934 Wafaransa walikuwa na amri, ile ya Laval, iliyomzuia Mwafrika kupiga filamu kwenye makoloni bila ruhusa. Kwa hivyo hapakuwa na mzee wa kumwuliza hapo kwao, isipokuwa wachache kama Paulin Vieyra, waliofanya filamu yao 1955 huko Paris kwa kuwa nyumbani haikuwezekana.

Hivyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba alianza na riwaya. Lakini jibu hilo halitakufaa, ndiyo maana nimeandika marefu. Angalia ni vitabu gani alivigeuza filamu na vipi aliviacha.

*La Noire de...* ilitoka kwenye hadithi fupi, kurasa chache tu ndani ya mkusanyiko wa *Voltaïque* wa 1962. *Mandabi* ya 1968 ilitoka kwenye novela. *Xala* ni kitabu chembamba cha 1973, filamu 1975. *Guelwaar* ilikwenda kinyume: filamu 1992, riwaya 1996. Lile buku kubwa lenye miji mitatu, treni, na maelfu ya watu barabarani, halikuwa filamu mkononi mwake kamwe. Pesa ya treni hakuwa nayo. Na alikuwa na ndoto moja kubwa, maisha ya Samori Touré, aliyewapiga vita Wafaransa. Aliifanyia kazi miaka na miaka, akafariki Juni 2007 haijapigwa. Huyo ni Sembène, mwenye zawadi za matamasha ya filamu ya Venice na Cannes. Sasa wewe na kurasa zako mia tatu na babu baharia, jahazi utalikodi kwa nani?

Kuhusu pesa. Mswada wa *La Noire de...* aliupeleka kwa ofisi ya sinema ya Wafaransa iliyokuwa ikisaidia Waafrika, wakaukataa. Akaitengeneza kwa kampuni yake mwenyewe, Filmi Domirev, akishirikiana na kampuni moja ya habari za sinema ya Paris. Mwaka huo huo wa 1966 ikapata tuzo ya Jean Vigo Ufaransa na Tanit ya dhahabu, zawadi kuu ya tamasha la filamu la Carthage, Tunisia. Baada ya hapo milango ikalegea kidogo. *Mandabi* aliipata kwa msaada wa CNC, ofisi ya serikali ya sinema ya Ufaransa, nao wakataka Kifaransa. Unajua alifanyaje? Kila tukio alilipiga mara mbili, mara kwa Kiwolof, mara kwa Kifaransa, waigizaji wale wale. Ya Kifaransa akawapa wenye pesa. Ya Kiwolof ndiyo watu wanayoikumbuka. Kabla yake hakuna aliyefanya filamu ndefu ya namna ile kwa lugha ya Afrika Magharibi.

Pesa ya Ufaransa aliichukua, usidanganywe na wanaomfanya malaika. Ila ilipofika *Camp de Thiaroye*, 1988, aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, alijua Paris hawatalipia. Inahusu askari Waafrika waliorudi kutoka kambi za Wajerumani, wakadai mishahara yao, na tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa likawamiminia risasi. Hiyo aliitengeneza kwa pesa za Senegal, Algeria na Tunisia. Venice ikapewa tuzo maalumu ya majaji. Ufaransa ilichukua miaka mingi kabla ya kuonyeshwa.

Mkufunzi wako anasema wenye pesa hawasomi Kiswahili. Sawa, mtafsirie muhtasari. Waigizaji wako waache waseme kama wanavyosema Bondeni.

BiMkubwa_Kisauni alijibu:

Mwanangu Binti, karani amekueleza vizuri ila amepita mbio kwenye *Mandabi* kama mtu asiyepanga foleni maishani mwake.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa hapa. Huko kwetu nilikuta *Hawala ya Fedha*, tamthilia ya Amandina Lihamba, na kumbe ni kisa hicho hicho cha Sembène amekitia kwa Kiswahili. Kwa hivyo ukiambiwa mtu huyu hahusiani na lugha yetu, mwonyeshe hicho.

Kisa ni hiki. Ibrahima Dieng, mzee hana kazi, wake wawili, watoto wengi, deni dukani. Anapata hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Elfu mbili zake, elfu tatu za mama wa kijana, ishirini amwekee. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe na mtu wa kukujua pale ofisini. Mpiga picha anakula pesa yake na picha haitoki. Na mtaa mzima umeshasikia kuna pesa, kila mtu anakuja kukopa mchele. Mwisho jamaa mjanja mwenye suti anamchukulia ile hawala kwa jina la kumsaidia, anamrudishia gunia la mchele na hadithi ya kuibiwa mfukoni.

Mimi niliitazama filamu hiyo na jirani yangu ambaye mwanawe aliulizwa cheti cha babu wa babu kwa sababu jina lake ni la Kiarabu na kazaliwa Kibokoni. Alicheka mpaka akalia, kisha akanyamaza kabisa. Watu wa Pwani miaka mingi wamekalishwa mbele ya kamati kuthibitisha kuwa wao ni wa hapa. Leo hata pesa za simu hupati laini bila kitambulisho. Mzee Dieng angepotea Mombasa siku moja.

Na yule Diouana wa *La Noire de...*: anachukuliwa Dakar na bibi wa Kizungu, anaambiwa atalea watoto, akifika Antibes, Ufaransa, anafungiwa jikoni, barua ya mamake anajibiwa na bosi wake kwa niaba yake, na mwishowe anajiua bafuni. Sembène aliitoa kwenye habari ya gazeti huko Ufaransa. Hebu niambie ni familia gani Kisauni isiyomjua msichana aliyekwenda Saudia akanyang'anywa pasipoti na simu. Riwaya yako ina mjukuu huyo. Mimi babu baharia simtaki. Nataka mjukuu.

Ukipata nafasi tazama pia *Moolaadé*, 2004, mzee ana miaka themanini na moja, ameipiga kijijini Burkina Faso. Mwanamke anawapa hifadhi wasichana waliokimbia kutahiriwa. Anayemwigiza, Fatoumata Coulibaly wa Mali, lilimpata yeye mwenyewe. Wanaume wanakusanya redio zote za wake zao wanazitia moto. Sijaona mzee mwingine wa umri ule aliyewaelewa wanawake namna ile, na simsemi mume wangu.

Ustadhi_wa_Makadara alijibu:

Mnamsifu na hakuna hata mmoja aliyetaja *Ceddo*. Filamu ya 1977. Imamu ameonyeshwa kama mnyang'anyi wa ufalme, watu wananyolewa na kubadilishwa majina kwa nguvu, na mwisho binti mfalme anachukua bunduki anamuua imamu mbele ya umma. Mtu aliyezaliwa nyumba ya Kiislamu! Huyu binti ni wetu, anapiga harusi za wetu. Mwambieni yote kabla hajamfanya kiongozi wake.

KaraniWaTali alijibu:

Ustadhi, shukran. Ulichokisema kimo ndani ya filamu, sitaki kukizunguka. Sembène hakuwa mtu wa kupakapaka. Ila kwenye *Ceddo* hiyo hiyo kuna padri wa Kizungu na mfanyabiashara wa Kizungu anayetoa bunduki na mvinyo apewe watumwa, na kuna mfalme na wazee wanaouza watu wao. Hakumbakisha mtu. Halafu tazama *Guelwaar*, ambapo maiti ya Mkristo imezikwa kimakosa makaburi ya Waislamu na vijana wa pande mbili wanataka kupigana. Imamu wa hapo ndiye mtu mwenye busara kuliko wote, anawazuia watu wake kwa mwili wake. Mkono ni huo huo ulioandika yote mawili.

Na serikali ya Senghor, rais wa kwanza wa Senegal, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, iliizuia *Ceddo* kwa miaka. Sababu waliyotoa ni tahajia. Sheria ilitaka d moja na Sembène aliandika mbili, akakataa kufuta moja. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya filamu, lakini sababu ile ilimchekesha kila aliyeisikia.

*Xala* pia wakaguzi waliikata vipande kabla ya kuionyesha Dakar. Naye akatoa karatasi za kuwaambia watazamaji vipande gani havimo. Ile ni ya tajiri aliyeoa mke wa tatu, usiku wa harusi akajikuta hawezi. Gari lake linatiwa maji ya chupa ya Evian kwenye rejeta. Ustadhi hata wewe ungecheka.

Alilipia yale. Filamu zake zilikaa bila kuonekana kwao, na kati ya moja na nyingine ilipita hata miaka kumi: kutoka *Ceddo* hadi *Camp de Thiaroye* hesabu mwenyewe. Katika pengo hilo aliandika *Le Dernier de l'empire*, 1981. Kamera ikifungwa, kalamu iko. Hapo ndipo binti anapopata faida ya kuwa na vyote viwili, na ndiyo sababu yule wa kusema utupe riwaya simkubalii.

Nyongeza moja. Zilipokuwa tayari alizibeba mwenyewe vijijini, akaonyesha, kisha akakaa na watu wakabishana hadi usiku. Kutembeza filamu alikuhesabu kuwa sehemu ya kazi yake.

BintiBondeni alijibu:

Wazee wangu, Mungu awaweke. Nimewasoma nyote usiku huu na biriani ya watu iko mezani haijahaririwa.

Bi Mkubwa umenigusa pabaya. Kwenye mswada kuna sura moja, mjukuu anatafuta karatasi za kusafiri. Yuko na nyanyake, wanatoka ofisi hii kwenda ile, na kila ofisi nyanya anaulizwa alizaliwa wapi na anajibu kwa kutaja mti uliokatwa zamani. Kurasa kumi na nne. Nilikuwa nimeiona ndogo, nikataka kuifupisha. Sasa nafikiri hiyo ndiyo filamu, peke yake, na riwaya ibaki riwaya. Nyanya ninaye wa kuigiza: kuna kungwi mmoja ninayekutana naye harusini kila wiki, akifungua mdomo ukumbi mzima unageuka.

Nitaipiga kwa Kiswahili chetu na maandishi ya Kiingereza chini. Muhtasari nitauandika kwa Kiingereza kama karani alivyosema. Swali lililobaki: nipige Mji wa Kale mchana, wakati bodaboda na adhana na kunguru vyote viko juu? Maikrofoni yangu ni ya harusi.

MpigaSauti_Nyali alijibu:

Usipigane na kunguru, watakushinda. Kwenye vichochoro piga picha bila kutegemea sauti, nyanya atembee, aonekane mgongo na mkono kwenye ukuta. Mazungumzo mengi yaweke ndani ya ofisi: chumba kimoja, kuta nne, mapazia mazito, feni imezimwa. Yale mawazo ya mjukuu mrekodi baadaye ukiwa umekaa kitako, chumbani penye magodoro. Hapo unafanya alichofanya Sembène 1966, na kwa mashine bora kuliko zake. Na Fort Jesus iache. Iko chini ya Makumbusho ya Taifa, utahitaji ruhusa, na kila mtu ameshaipiga.

Filamu zenyewe tafuta nakala zilizosafishwa upya, *Borom Sarret*, *La Noire de...* na *Mandabi* zote zimeshafanyiwa. Kuna pia filamu ya maisha yake, *Sembene!*, ya 2015, ambayo Samba Gadjigo aliyeandika wasifu wake ni mmoja wa walioitengeneza.

Ukiwa tayari niite. Sauti nitakuchukulia kwa nauli na chakula, ila hiyo biriani niionje.

BiMkubwa_Kisauni alijibu:

Nina ua kubwa na ukuta mweupe. Tutaanza na *Mandabi*, kina mama mbele, wanaume nyuma kwenye mabenchi. Karani atufasirie Kifaransa na Kiwolof kama makuli walivyokuwa wakifasiriwa gatini.

KaraniWaTali alijibu:

Kiwolof sikijui hata neno, Bi Mkubwa. Nitasoma maandishi ya chini kwa sauti.

Ustadhi_wa_Makadara alijibu:

Hiyo ya hawala nitakuja, baada ya Isha. Faili langu mwenyewe lina miaka halijakamilika, wanataka cheti cha marehemu babu. *Ceddo* mtaiweka siku ambayo nina darsa.